Mafuta Yapi? Historia Fupi ya Maneno ya Gari Kuukuu

Makala haya yanahusu maneno ambayo kwayo gari kuukuu huwekwa hai na watu wenye fedha kidogo. Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo mno kwa kurasa hizi, ambazo aghalabu hujadili istilahi za sheria, za sayansi au za utawala. Nasi tulidhani hivyo, mpaka siku tulipokwenda Haneti na rasimu ya kijitabu mkononi.

Haneti ni kata ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa Dodoma, katika nchi kavu ya Wagogo ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu na vumbi hukaa mwaka mzima. Kijitabu chetu kilikusudiwa vijana wa vyuo wanaonunua magari madogo yaliyokwisha kutumika, wakayatunza wenyewe kwa posho na kwa vibarua vya likizo. Wataalamu walikuwa wamekiandika. Sisi tulitakiwa kuisafisha lugha yake. Tuliona vema kukijaribu kwa fundi kabla hakijapigwa chapa, na fundi tuliyemwendea alikuwa mzee mwenye gereji chini ya mwarobaini, mtu ambaye amefungua injini tangu ujana wake.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye sentensi isemayo, "Kabla ya safari hakikisha kwamba mafuta hayajapungua," alinyanyua uso.

"Mafuta yapi, mwanangu?"

Tulimjibu kwa heshima kwamba ni mafuta ya breki, na kwamba yametajwa kwa jina lake kamili katika aya iliyotangulia.

"Mtu wa gari bovu haanzi kusoma juu," alisema. "Anafungua pale lilipomharibikia."

Kisha akatuonyesha gari jeupe, Toyota Starlet, lililokuwa limeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya mawe. Mwenyewe ni mwanafunzi wa chuo kimoja mjini. Siku chache kabla yake pedali ya breki ilikuwa imeanza kuzama, naye akampigia simu jamaa yake aliye dereva. Jamaa akamwambia, "Mafuta yamepungua, ongeza." Kijana akanunua chupa ya mafuta, akajaza kile kidumu kidogo kilicho karibu na dashibodi chini ya boneti. Chupa ile ilikuwa ya mafuta ya injini.

Wasiojua kazi hii wataona kuwa mafuta ni mafuta. Sivyo. Mafuta ya breki hayatokani na petroli ya ardhini kama yale ya injini, na raba zilizo ndani ya mfumo wa breki zimetengenezwa ziyavumilie hayo tu. Zikiguswa na mafuta ya injini huvimba, zikalainika, zikashindwa kurudi mahali pake. Breki za gari lile zilikamata zenyewe njiani na magurudumu yakatoa moshi. Bahati yake ni kwamba zilikamata; raba zile zile zingeweza kukataa kushika, na njia inayoteremka haina huruma. Ikabidi zinunuliwe raba zote, za masta silinda na za kila gurudumu, na bomba zote zioshwe. Kwa fedha za mwanafunzi, hiyo ilikuwa ni karo.

Tuliitazama rasimu yetu tena, tukaona kuwa tungaliweza kuwa sisi ndio yule jamaa wa kwenye simu.

*

Ili kuelewa jinsi neno moja lilivyobeba mizigo mingi kiasi hicho, ni lazima turudi nyuma kidogo.

Gari lilipofika katika nchi hii halikukuta lugha tupu. Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na motokaa yake mwezi Agosti 1907, akafika Swakopmund, katika pwani ya Namibia ya leo, mwezi Mei 1909, baada ya matatizo mengi ya injini. Reli ya Kati ilikuwa haijafika Dodoma wakati huo. Ilifika mwaka 1910. Lakini Kiswahili kilikuwa kimeongoza vyombo vya baharini kwa karne nyingi, na watu wa pwani walipoona kitu kinachopakia watu na mizigo na kugeuzwa kwa mkono, walikipa maneno ya jahazi. Usukani ulikuwa ni wa chombo cha bahari, na neno lenyewe ni la Kiarabu. Ukahamia kwenye gari bila kubadili hata herufi. Abiria na shehena vikafuata. Hata leo sheria zetu husema "chombo cha moto", na neno chombo humo bado linanukia chumvi. Rubani naye, aliyekuwa kiongozi wa merikebu, akaruka angani moja kwa moja bila kupita barabarani.

Tabaka la pili lilitoka Bara Hindi, kwa njia ya biashara, reli na karakana. Neno gari lenyewe ni la Kihindi. Bima, ambayo mwenye gari kuukuu huikumbuka anaposimamishwa na askari, ni ya njia hiyo pia. Kabla ya hapo Wareno walikuwa wametuachia bomba na parafujo, ingawa fundi wa leo hasemi parafujo. Husema skrubu, na huifungua kwa bisibisi. Hapa tuseme neno la pembeni. Mzee wa Haneti huliita tairi la akiba stepni. Neno hili lilianza kuwa jina la biashara la gurudumu la akiba lililobuniwa mwaka 1904 na ndugu wawili wa ukoo wa Davies, katika mtaa wa Stepney, mjini Llanelli, nchini Wales. Waingereza wenyewe wamelisahau zamani. India bado wanalo, na mzee chini ya mwarobaini analo pia. Tulipomweleza asili yake alicheka sana, akasema kuwa siku zote alidhani ni Kigogo cha Mpwapwa.

Tabaka la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni la Kiingereza: spana, nati, bolti, plagi, klachi, gia, breki, rejeta, kabureta, silinda, pistoni, gasketi. Si lazima tuyaonee haya maneno haya. Yalipita midomoni mwa watu waliofanya kazi, yakalainishwa na sikio na si na kamati. Angalia shokomzoba. Hakuna mwanaisimu ambaye angelibuni neno hilo, na hakuna aliyeweza kuling'oa, isipokuwa fundi mwenyewe aliyelifupisha likawa shokapu.

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa na kazi nyingine: tahajia, vitabu vya shule, kamusi. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1939. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mfululizo wa Tafsiri Sanifu ukaanza kutoka katika muongo uliofuata. Wakati huo mahitaji yalikuwa ni ya ofisi: vyeo, idara, mabenki, mahakama. Hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini lilikuwa na tokeo lake: gereji iliachwa ijitungie lugha, na miaka ile ile ndiyo iliyokuja kuwa migumu kuliko yote kwa mwenye gari.

*

Bei ya mafuta ghafi ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa mwaka 1978. Fedha za kigeni zilikwisha, na pamoja nazo zikaisha spea. Magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana bila kibali. Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka jinsi gari lilivyoweza kukaa juu ya mawe miezi sita likingoja kitu chenye ukubwa wa kidole gumba.

Katika hali hiyo gari halikutupwa. Hapana aliyekuwa na uwezo wa kulitupa. Fundi akawa mtengenezaji wa vipuri, na Kiswahili chake kikajaa vitenzi. Hili ndilo jambo tunalotaka wenzetu walitazame kwa makini, kwa maana sisi watu wa istilahi hupenda nomino. Orodha zetu huwa ni nomino tupu. Gereji hufikiri kwa vitenzi. Gari huchemsha. Injini hunoki, kisha huuawa na mwenye kupuuza. Breki hutolewa upepo. Silinda iliyolika huchongwa upya ikawa pana zaidi, ikawekewa pistoni kubwa na ringi za ovasaizi. Bodi hunyooshwa. Tairi huzibwa, hutiwa kiraka, na likipasuka ubavuni hushonwa. Kwa kila kitenzi kuna ujuzi mzima uliofichika ndani yake.

Chukua kutoa upepo. Breki za gari dogo hufanya kazi kwa sababu kimiminika hakibonyei: mguu ukikandamiza pedali, nguvu husafiri ndani ya bomba mpaka kwenye gurudumu. Upepo hubonyea. Ukiingia katika bomba, pedali huwa laini kama mkate uliolowa. Basi mtu mmoja hukaa ndani ya gari akikanyaga na kushikilia, na mwingine hulala chini akifungua nati ndogo kwa robo ya mzunguko mpaka mapovu yaishe. Kazi yenyewe huanza na gurudumu lililo mbali, ikamalizia lililo karibu. Tulikwisha kuona tafsiri moja iliyoiita kazi hii "uondoshaji wa hewa katika mfumo wa kiowevu". Hatusemi kwamba ni kosa. Twasema tu kwamba mtu aliye chini ya gari hawezi kumpigia kelele hiyo mwenzake aliye ndani.

Baadhi ya vitenzi hivi vilitoka gerejini vikaingia mjini. Kijana wa leo anayesema kwamba mwenzake "amechemsha" katika mtihani pengine hafikirii rejeta hata kidogo. Neno kimeo lilisafiri kinyume chake: lilikuwa ni kidaka tonge, nyama ile ndogo ya kooni ambayo wazee waliilaumu kwa kikohozi cha watoto, sasa ni gari, au simu, au hata ahadi, isiyoaminika. Mkweche ni la watu wazima zaidi, nasi twalipenda, kwa kuwa sauti yake yaonyesha jinsi milango inavyogonga.

*

Mwezi Juni 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa. Milango ikafunguka kidogo kidogo, na katika miaka ya 1990 ikaanza kuingia mitumba ya namna mpya: magari yaliyotumika Japani, nchi inayoendesha upande wa kushoto kama yetu, na kwa hiyo usukani ulikuwa tayari mahali panapofaa. Miongoni mwake, gari la mtu wa kipato kidogo lilikuwa ni Starlet, na baadaye Vitz, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1999.

Magari haya ni ya umbo ambalo mpaka leo halina jina la Kiswahili. Hayana buti linalochomoza nyuma. Mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, na siti za nyuma zikilazwa hupatikana nafasi ya gunia la mahindi, au godoro, au mbuzi wawili. Tulimwuliza mzee huyaitaje. "Staleti," alijibu. "Hata kama ni Vitz?" "Hiyo ni Vitz." Hivi ndivyo watu wanavyofanya: huita kwa toleo, kama Landrova ilivyokuwa zamani. Tulikuwa na pendekezo letu mfukoni, gari la mlango wa tano, tukalisoma kwa sauti. Kijana mmoja aliyekuwa akiosha plagi aliuliza kama huo wa tano ni wa dereva. Tukalirudisha mfukoni.

Mafundi walikuwa wamezoea kabureta, kitu unachoweza kukifungua, kukiosha kwa petroli na kukirudisha. Magari mapya yalikuja na mafuta yanayopulizwa kwa amri ya kompyuta ndogo. Lugha ikabadilika tena. Sasa gari hupimwa kwa mashine kabla halijafunguliwa, na injini huitwa kwa namba yake, kama vile 4E, injini ya Starlet yenye ujazo wa sentimita za mchemraba 1,331. Tulishangaa kuona mzee asiyejua Kiingereza akitofautisha injini kwa herufi na tarakimu kama karani wa masjala. Twadhani istilahi za namna hii hazihitaji msaada wetu wowote.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba Serikali yote ingehamia Dodoma. Mji ukajaa wanafunzi na watumishi vijana, na pamoja nao magari madogo yenye umri unaolingana na wenye kuyaendesha. Fedha zao hazitoshi kufanya kila kitu mara moja, inawabidi wachague. Mzee wa Haneti ana utaratibu wake kuhusu hilo, naye huurudia kama mwalimu wa dini: kinachosimamisha gari kwanza, kinacholipoza pili, kinacholiendesha tatu, rangi mwisho. Vijana wengi, alisema, huanza na rangi.

Utaratibu huo unapita, hatua kwa hatua, juu ya maneno mawili ya Kiswahili ambayo ni mapana kuliko yote gerejini: mafuta na maji.

Katika gari moja dogo, neno mafuta linaweza kuwa petroli iliyo tangini, oili ya injini, oili ya giaboksi, mafuta ya breki, na kile kiendacho kwenye usukani ambacho mafundi wengi hukiita haidroli. Jikoni kuna mafuta tena, na kwenye kibatari yapo ya taa. Neno maji nalo halisalimiki. Maji ya rejeta, kwa mwenye fedha kidogo, hutoka kisimani. Na visima vya nyanda hizi mara nyingi vina chumvi, ambayo huganda ndani ya njia nyembamba za rejeta mpaka gari linachemsha hata asubuhi. Maji ya betri ni hatari zaidi. Ndani ya betri mna asidi, lakini kinachopungua kwa joto ni maji, na kinachotakiwa kuongezwa kwa kawaida ni maji yaliyosafishwa. Vyote viwili huuzwa katika chupa za plastiki zinazofanana, na kwa wanunuzi wengi vyote viwili ni "maji ya betri". Anayeongeza asidi kila mara huiua betri yake akidhani anaitunza, na anayejaza maji ya betri akidhani ni maji tu, kisha akajifutia uso kwa mkono ule ule, atajuta.

Tulirudi ofisini na hoja hii, na mjadala ulikuwa mkali kuliko tulivyotazamia. Wenzetu wengine walitaka kutumika kwa kiowevu cha breki, kilainishi cha injini na kipozaji cha rejeta. Walisema, na kwa haki, kwamba kilainishi limekwisha kuzoeleka katika nyaraka za Serikali, na kwamba mwanafunzi wa chuo amesoma kiowevu shuleni. Walitukumbusha pia kwamba bunge na ikulu yalikuwa maneno mageni kwa Waswahili wengi siku ya kwanza. Tulijibu kwamba neno bunge halikuandikwa juu ya chupa dukani. Mwenye duka la spea akiombwa kiowevu atauliza, na mnunuzi, ambaye hataki kuonekana mshamba, atanyoosha kidole kwenye chupa iliyo karibu.

Tulikuwa na wasiwasi na upande wetu pia. Kukubali kila neno la gereji ni kuacha kazi. Mafundi wa Haneti husema oili. Lakini wapo madereva wanaosema oili kwa kila kitu chenye utelezi, na hapo tutakuwa tumeyahamisha matatizo yale yale kutoka neno moja kwenda jingine. Tulichokubaliana baada ya vikao vitatu ni kidogo: katika kijitabu kile, neno mafuta lisisimame peke yake mahali popote, hata pale ambapo sarufi na masikio yanaliruhusu. Petroli iitwe petroli. Ya injini iwe oili ya injini. Mafuta ya breki yabaki na jina lake lote kila yanapotajwa, hata mara tano katika aya moja, na kando yake yaandikwe maandishi yaliyo juu ya kifuniko cha kidumu, kama vile DOT 3, ili msomaji ayalinganishe na ya chupa kwa macho. Maji ya betri yaandikwe maji safi ya betri, na asidi iitwe asidi. Kiowevu na kilainishi tukaviweka katika faharasa ya nyuma, kwa ajili ya walimu.

Mhariri wa mtindo alilalamika kwamba nathari imekuwa nzito na yenye kurudiarudia. Ni kweli, imekuwa hivyo.

Tulipeleka nakala ya pili Haneti baada ya mvua. Starlet jeupe lilikuwa limeondoka, likiwa na raba mpya na rangi ile ile iliyobabuka. Mzee alifungua kijitabu katikati, bila kuanza juu, akasoma mistari kadhaa. Hakuuliza kitu kuhusu mafuta. Aliuliza kwa nini tumeandika "legeza nati kwa uangalifu" bila kusema inageuzwa upande gani, naye alikuwa na haki. Ukurasa huo unaandikwa upya.